Kaka yangu "ametulia" mahabusu, je ni kuzoea kweli?

SWALI: Daktari shikamoo. Kaka yangu yuko mahabusu mwezi wa saba sasa, kesi inaahirishwa tu. Mwanzoni alikuwa analia, anagombana na wenzake, halali. Toka mwezi uliopita ametulia kabisa, anajibu neno moja moja, haulizi kesi wala watoto wake, amekonda, na juzi nimesikia blanketi na sweta lake kampa mwenzake. Askari ananiambia nisiwe na shaka ameshazoea maisha ya ndani. Kuna mtu anauza matone ya kutuliza akili, anasema ni mitishamba hayana madhara, unachanganya kwenye maji anakunywa bila kujua. Nimpelekee matone mangapi kwa siku? Au niache tu kwa vile ametulia?

JIBU: Marahaba dada yangu. Matone usipeleke hata moja, nitakwambia kwa nini huko mbele. Ila kwanza hili neno "ameshazoea", maana nalisikia karibu kila wiki kwa ndugu, kwa askari, na inauma zaidi nikilisikia kwa watu wa afya kabisa ambao wanajua. Mtu akipiga kelele usiku, akigonga mlango, akitukana, huyo ndo anaandikwa kwenye kitabu kwamba ana tatizo. Akinyamaza wanashukuru Mungu. Kumbe wengi ninaoletewa wakiwa hali mbaya kabisa ni hao hao walionyamaza.

Mtu aliyezoea ndani unamjua. Ana mwenzake wa kupiga nae stori, analalamikia chakula, anakugombeza kwa nini hujaja wiki iliyopita, anauliza wakili kafikia wapi, anaagiza sabuni. Kulalamika ni afya, maana yake bado anategemea kesho kuwa na kitu. Kaka yako ameacha kulalamika, ameacha kuuliza watoto, anakonda, na anagawa vitu vyake, tena blanketi ambalo ndani ni mali. Mimi nikiyaona hayo manne kwa mtu mmoja siiti utulivu, naita dharura mpaka daktari athibitishe vinginevyo.

Kwa hiyo leo, sio siku ya kutembelea ijayo, nenda kwa mkuu wa gereza na kwa daktari wa gereza, na mkononi uwe na barua, usiongee tu kwa mdomo. Usiandike "ana mawazo" kwa sababu kila mtu ndani ana mawazo na barua yako itawekwa chini ya zingine. Andika wazi: nahofia atajiua, sababu ni hizi, amegawa vitu, amekonda, haongei, kuanzia tarehe fulani. Ubaki na kopi yenye muhuri. Kopi nyingine mpe wakili aombe mahakama iamuru apimwe akili hospitali. Omba pia asiachwe peke yake. Na ukipata nafasi ya kuongea nae muulize moja kwa moja, kaka umewahi kufikiria kujiua? Najua watu wanaogopa hilo swali, wanadhani utampandikizia wazo. Tafiti zimeliangalia sana na hazijakuta hivyo, wengi wanapumua wakiulizwa maana walikuwa wamelibeba peke yao.

Halafu mwili. Kabla mtu yeyote hajasema ni msongo, kaka yako apimwe kama mgonjwa mwingine yeyote. Umesema mwanzoni alikuwa anagombana, je aliwahi kupigwa kichwani? Damu inaweza kuvuja taratibu ndani ya fuvu wiki kadhaa na dalili ikawa ndo hiyo ya kuzubaa na kusinzia. Kifua kikuu kinapenda sehemu zilizojaa watu na kikipanda kwenye utando wa ubongo kinaanza kimya kimya hivyo hivyo. Lishe ya aina moja kwa miezi inaweza kuleta pelagra, inachubua ngozi sehemu zinazopigwa jua, inaharisha, afu inavuruga akili. Kama anatumia dawa za kifua kikuu sugu, moja inaitwa sikloserini, hiyo peke yake inaweza kumletea mtu sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, au kuona na kusikia visivyokuwepo. Na kuna hali inaitwa katatonia, mtu anaganda, haongei, hali chakula, ukiunyanyua mkono wake anaweza kuuacha hewani vile vile. Nimeona wenye katatonia wakiadhibiwa kwa ukaidi!! Wakati ni ugonjwa, unatibika, mara nyingine mtu anaanza kuongea ndani ya masaa baada ya dawa sahihi hospitali.

Sasa kwa nini amefika hapo. Watu wanadhani aliyehukumiwa miaka mingi ndo mwenye mzigo, lakini nchi nyingi zilizohesabu zimekuta mahabusu wanajiua zaidi kuliko waliohukumiwa, na siku na wiki za mwanzo ndo mbaya kuliko zote. Mfungwa ana tarehe. Mahabusu anajiandaa kwa kila siku ya mahakama, halali usiku wake, anaoga, anapanga maneno, anafika kesi inaahirishwa dakika mbili anarudishwa. Ukimfanyia mtu hivyo mara nyingi ubongo unajifunza kwamba hakuna ninachofanya kinachobadilisha kitu, basi anaacha kujaribu, na huko kuacha ndo mnakoita kuzoea. Ongeza taa inayowaka usiku kucha, kulala kwa zamu kwa sababu nafasi haitoshi, kelele, mchana hakuna jua. Usingizi ukiharibika miezi mfululizo hata mtu aliyekuwa mzima anayumba, na aliyekuwa na ugonjwa wa akili kabla unamrudia. Uchambuzi uliochapishwa 2012 ulikusanya tafiti za wafungwa zaidi ya 33,000 katika nchi 24, ukakuta sonona kali kwa wanaume kama 10 kati ya kila 100 na wanawake kama 14. Sasa kama gereza lina watu 1,000 na kitabu cha daktari kina majina matatu, wengine wako wapi? Wametulia.

Tena omba sana asitengwe kwa jina la "kumlinda". Selo ya peke yake inaitwa ya usalama lakini kwa mtu wa namna hii inammaliza. Hilo lilishajaribiwa zamani, mwaka 1829 Philadelphia walifungua gereza la Eastern State, kila mtu peke yake kwenye ukimya, wakiamini ataitafakari nafsi yake na kutubu. Kufika 1890 Mahakama Kuu ya Marekani ilikuwa inaandika kwenye hukumu kwamba adhabu ya namna hiyo iliwafanya wengi, hata baada ya muda mfupi, wazubae kiasi kwamba kuwaamsha ilikuwa karibu haiwezekani, wengine wakawa vichaa wa vurugu, wengine wakajiua. Kanuni za Mandela za Umoja wa Mataifa za 2015 zinasema kumfungia mtu masaa 22 au zaidi kwa siku bila mazungumzo ya maana na binadamu mwingine ni kumtenga, ikizidi siku 15 mfululizo imepigwa marufuku, na mwenye ulemavu wa akili asitengwe kabisa kama kutengwa kutamzidishia. Wakili wako azitaje hizo, namba 43 mpaka 45. Anayehofiwa kujiua anahitaji mtu karibu, mwenzake wa kuaminika kwenye selo, jicho la askari mara kwa mara, na daktari.

Matone sasa. Huyo muuzaji hamjui kaka yako, hajampima, hajui anatumia dawa gani, lakini ana dozi tayari. Si mara moja vitu vinavyouzwa kama mitishamba ya kutuliza vimekutwa na dawa za usingizi za hospitali ndani yake. Ukimpa mtu hizo kila siku kwa wiki kadhaa mwili unazitegemea, siku upekuzi ukipita au akahamishwa gereza zinakatika ghafla, anaweza kupata degedege na kufa. Na hata zisipokatika, utakuwa umemnyamazisha mtu ambaye tatizo lake kubwa ni kwamba hakuna anayeshtuka akinyamaza! Wewe mwenyewe unaweza kushtakiwa kwa kuingiza dawa. Na akigundua ulimnywesha kwa siri, yeye ambaye labda ameshaanza kuhisi watu wanamdhuru, atabaki na nani wa kumwamini?

Hawa wauzaji wamejua geti la gereza lina watu waliokata tamaa. Kuna wa matone, kuna wa kutibu kwa picha kwenye simu, kuna anayejiita mshauri anakuuzia mpango wa "kumjenga awe ngangari". Wote wanauza kitu kimoja, ukimya, na familia zinalipa kwa sababu ukimya unafanana na nafuu. Naomba ndugu wote mnaosoma hapa, msipime mtu wenu kwa kelele. Pimeni kwa kula, kulala, kuoga, kuuliza, na siku alizopata habari mbaya, iwe kunyimwa dhamana, hukumu, msiba au mke kuondoka, siku hizo muwahi kumwona.

Na msilegeze akitoka. Tafiti ya jimbo la Washington, Marekani, iliyotoka 2007, ilikuta wiki 2 za kwanza baada ya kuachiwa hatari ya kufa ilikuwa karibu mara 13 ya watu wengine, wengi kwa kuzidisha dawa za kulevya, na kujiua pia kulikuwemo kwenye orodha. Kwa hiyo kabla ya siku ya kutoka ombeni karatasi ya matibabu yake, dawa za angalau wiki mbili mkononi, na jina la kliniki atakayoenda, mumpeleke wiki hiyo hiyo hata kama anawaambia yuko sawa.