Maswali Yenu: Pete ya Gurudumu, Jina la Sisibo na Debe

SWALI: Shambani kwetu, nje ya Eldoret, kuna gurudumu la gari la maksai la enzi za walowezi. Pete yake ya chuma haina msumari wala boliti, na sasa inacheza. Iliishikaje mbao, na inaweza kukazwa tena?
Msomaji, Moiben

JIBU: Ilishikwa na moto na maji. Mhunzi aliviringisha kigurudumu kidogo cha kupimia ukingoni mwa gurudumu akihesabu mizunguko, kisha akapima vivyo hivyo juu ya bapa la chuma. Tuseme kipenyo ni sentimita 140. Mzingo ni kama 440. Aliongeza unene wa chuma mara tatu, kwa kuwa bapa likikunjwa upande wa ndani hufinyika, akaongeza na nafasi ya kuungia, halafu akapunguza sentimita 2 na nusu hadi 3. Ufundi wote umo kwenye upungufu huo. Ukiwa mdogo mno pete hulegea mapema. Ukizidi, spoku hupinda na gurudumu hubinuka kama sahani.

Ncha mbili zilipondwa ziwe nyembamba, zikapashwa hadi kuwa nyeupe, zikanyunyiziwa mchanga ili maganda ya chuma yayeyuke, zikagongwa pamoja. Kisha pete ililazwa chini na kuzungushiwa kuni na mavi makavu ya ng'ombe mpaka itanuke na kuwa nyekundu iliyofifia. Watu watatu wenye koleo ndefu waliibeba na kuivisha gurudumu lililolazwa, wakiigonga pale ilipokataa kushuka. Mbao zikaanza kuwaka. Maji yakamwagwa upesi pande zote. Chuma kikinywea, viungo husikika vikilia vinapobana. Maji yakichelewa, ukingo hugeuka makaa, na makaa yakipukutika pete inacheza hata kama vipimo vilikuwa sawa.

Yako imelegea kwa sababu mbao zimekauka zikasinyaa. Wenye magari walilaza gurudumu la namna hiyo mtoni usiku kucha livimbe, lakini hiyo ni dawa ya siku chache. Dawa ya kweli ni kuitoa pete, kuikata, kuifupisha na kuiunga upya. Kabla ya kumlipa fundi, choma kisu pale spoku zinapoingia kwenye kitovu. Kikizama, mbao imeoza. Ukiikaza utaivunja, afadhali liwe pambo la uani.

SWALI: Kwa nini wazee wanaiita Eldoret "Sisibo"?
Msomaji, Turbo

JIBU: Ni namba 64, iliyotamkwa kwa Kiingereza, "sixty-four", hadi ikalainika midomoni mwa wenyeji. Makaburu walipofika Uasin Gishu mwaka 1908 pamoja na kiongozi wao Jansen van Rensburg, ardhi iligawanywa kwa mashamba yenye namba, na posta ikawekwa mwaka 1910 kwenye shamba la 64. Jina Eldoret likaja mwaka 1912. Husimuliwa kwamba sefu ya benki ilianguka kutoka garini, ikawa nzito mno kuinuliwa, basi wakajenga kuta za benki kuizunguka. Kisa kitamu, kila mtu ana namna yake ya kukisimulia.

Reli ilifika mwaka 1924 tu. Kabla ya hapo chumvi, sukari, kitambaa cha amerikani na mabati vilitoka stesheni ya Londiani kwa magari ya maksai, mengine yakivutwa na maksai 16, na masika yakianza njia ilikuwa tope tupu. Mhunzi wa magurudumu alikuwa mtu wa lazima hapo sawa na mwenye duka.

SWALI: Debe la dukani lilikuwa kipimo gani?
Msomaji, Kitale

JIBU: Lilikuwa kopo la mafuta ya taa la galoni 4, yaani lita kama 18, mawili yalisafirishwa kwenye sanduku moja la mbao. Likiisha mafuta likapimia mahindi, likachota maji, au likabanjuliwa kuwa paa. Bei zilikuwa kwa rupia ya senti 100, hadi florini ya 1920 na shilingi ya mwaka uliofuata. Ugomvi wa kila siku ulikuwa wa kilele: mwenye duka akinunua mahindi alitaka debe lifurike, akiuza alilisawazisha kwa kijiti. Debe lililobonyezwa kitako lilipunja zaidi, kwa hiyo mnunuzi mjanja aliingiza mkono ndani kwanza.