Moyo wa mama uliporuka, kosa halikuwa la moyo peke yake

Mwaka ule mzima mama alikuwa anapungua. Chakula anakula, lakini magauni yanampwaya. Usiku anafungua madirisha, sisi tumejifunika mashuka. Akimimina chai, mkono unatetemeka. Tukasema ni uzee na mawazo. Presha alikuwa akiinywea vidonge vya kukojosha, na shingo yake hakuna aliyeiangalia.

Kisha akaharisha siku tatu. Siku ya nne miguu ikawa mizito, akashindwa kuinuka kwenye kigoda. Akashika kifua: "Mwanangu, moyo unaruka, halafu kama unasimama." Mimi nilimkorogea ORS nikataka tungoje kupambazuke. Dada akakataa, akaita bajaji. Namshukuru mpaka leo.

ECG, kipimo cha umeme wa moyo, ilionyesha mapigo yamevurugika. Potasiamu, madini yaliyomo kwenye damu, ilikuwa 2.4, wakati kawaida ni 3.5 hadi 5. Siku mbili baadaye yakaja majibu ya tezi ya shingo: inafanya kazi kupita kiasi.

Daktari alitueleza kwamba kila pigo la moyo ni umeme, na umeme huo unategemea potasiamu kuingia na kutoka kwenye seli. Kuharisha na vile vidonge vilikuwa vimeimwaga nje ya mwili. Tezi nayo inauchapa moyo uende mbio, na kwa baadhi ya watu huisukuma potasiamu kutoka kwenye damu iingie ndani ya misuli. Moyo wa namna hiyo unaweza kuanza kutetemeka tu bila kusukuma damu, na mtu akafa ndani ya dakika chache.

Kwa hiyo, kama mzazi wako anatumia dawa za kukojosha na ameanza kuharisha au kutapika, piga simu kwa daktari siku hiyohiyo uulize kama aendelee nazo. Moyo ukienda mbio au ukaruka, muombe apime potasiamu na tezi, vyote viwili. Na magnesiamu, madini mengine ya damu, maana ikiwa chini, potasiamu haipandi hata akiongezewa.

Majirani walituletea ndizi mbivu. Ni chakula kizuri, ila upungufu mkubwa hauzibwi kwa ndizi. Vidonge vya potasiamu usijinunulie: ikizidi nayo husimamisha moyo, hasa figo zikiwa dhaifu. Hata dripu yake huenda polepole. Nilimkasirikia muuguzi nikidhani anazembea, kumbe ndivyo inavyotakiwa.

Sasa mama anatumia kabimazoli, dawa ya kupunguza kasi ya tezi. Akipata homa na koo kuuma tunakwenda siku ileile kupima chembe nyeupe za damu, kwani dawa hiyo inaweza kuzishusha. Karatasi yenye dawa zake zote inakaa kwenye pochi, nyuma ya kadi ya bima.