Alternata ya mashua haijazi betri: pima kwanza, usikimbilie kununua kubwa

Mkuu, nimesoma maelezo yako yote. Mashua ya tanga hapo Matema, Kyela, Ziwa Nyasa, dizeli ya silinda mbili, alternata (jenereta ya injini inayochaji betri) ya ampia 55, betri moja ya kuwashia na N100 mbili (betri za ampia-saa 100) za taa, friji na redio. Unaunguruma injini kwa muda wa saa mbili, kesho yake asubuhi N100 zinasoma volti 12.2. Fundi kakushauri utafute alternata ya ampia 100. Ila vipimo ulivyoviweka mwenyewe vinasema jambo jingine: kwenye alternata volti 14.2, kwenye betri 13.3. Alternata yako inafanya kazi. Volti 0.9 zinaliwa njiani, na ukifunga ya ampia 100 kwenye njia ileile, waya zitakula zaidi.

Betri ya maji inapokea chaji kulingana na volti inayoikuta kwenye vichwa vyake. N100 mbili zikiwa nusu na zikapata 14.4, zinaweza kumeza mpaka ampia 50 hivi. Zikipata 13.3 zinameza kidogo, halafu ampia zinashuka upesi, na hata uache injini iungurume mpaka jioni hazijai. Zikiishi hivyo kwa miezi, salfeti inakomaa kwenye plati na uwezo wake haurudi tena.

Tafuta kwanza mahali hasa volti zinapopotelea. Fanya hivi betri zikiwa zimepungua, taa zote zimewashwa, injini kwenye mizunguko kama 1,500. Weka mita kwenye volti za DC. Waya mwekundu wa mita uguse nati ya B+ (inapotokea chaji) nyuma ya alternata, mweusi uguse kichwa chanya cha N100. Namba unayoiona ndiyo upotevu wote wa upande wa chanya, ikizidi 0.2 kuna kazi. Kisha gusa kichwa hasi cha N100 na mwili wa alternata wenyewe. Hapo ikizidi 0.1 tatizo liko upande wa hasi, na huu ndio upande watu wanaousahau. Umeme unarudi kupitia brakati, bolti na bloku ya injini, na mara nyingi kuna rangi au kutu katikati. Piga msasa mpaka chuma king'ae, au bora zaidi vuta waya mnene kutoka mwili wa alternata moja kwa moja hadi hasi ya betri.

Upande wa chanya nina uhakika utakuta kile kigawanya chaji cha daiodi ulichokitaja, kinachogawa chaji kati ya betri ya kuwashia na N100. Daiodi inakula volti 0.6 hadi 0.7 kila umeme unapopita, iwe mpya iwe ya zamani. Hicho kitoe. Badala yake panga hivi: B+ iende moja kwa moja kwenye N100, na betri ya kuwashia ipate chaji kupitia rilei (swichi ya umeme) inayosoma volti, ile inayofunga kwenye 13.3 hivi na kuachia kwenye 12.8. Betri ya kuwashia haitumii sana, inarudishiwa ilichotoa ndani ya dakika chache, kwa hiyo haina sababu ya kutangulia foleni.

Kuna kosa moja linaharibu mpango huu wote. Kwenye injini nyingi B+ ina waya wa asili unaokwenda kwenye stata (mota ya kuwashia injini). Ukiuacha pale ukaongeza waya mpya wa N100, umeziunganisha betri zote kwa kudumu. Friji itamaliza usiku hadi ile ya kuwashia, na asubuhi injini haiwaki. Huo waya wa stata lazima utoke kwenye B+.

Unene wa waya ni hesabu nyepesi. Ukiwa na mita 4 kwenda na 4 kurudi, ampia 55, waya wa milimita za mraba 16 unapoteza karibu volti 0.5. Wa 35 unapoteza 0.2 na ushei. Chukua 35. Waya laini wa mashine ya kuchomelea unafaa, ila ukinunua sokoni Mwanjelwa, Mbeya, au popote kwangua nyuzi kwa kisu: zikiwa nyeupe ndani ni alumini iliyopakwa shaba, achana nazo. Lagi (vichwa vya chuma vya mwisho wa waya) zibanwe kwa mashine yake, si kwa nyundo. Weka fyuzi ya ampia 100 ndani ya sentimita 20 kutoka chanya ya N100, maana betri ndiyo yenye nguvu ya kuchoma waya ukigusana na chuma. Fyuzi ya 60 usiweke. Ikikatika injini ikiwa inachaji, volti zinaruka ghafla na daiodi za alternata zinakufa. Kwa sababu hiyohiyo usizime swichi kuu ya betri wala kuchomoa terminali injini ikiwa inaunguruma.

Kama alternata yako ina soketi ya waya tatu zenye alama IG, L na S, una bahati. S ndiyo inayomwambia regyuleta (kidhibiti volti cha alternata) volti zikoje. Ivutie waya wake mwembamba, 1.5 unatosha, hadi chanya ya N100 pamoja na fyuzi ndogo, nayo itafidia kinachopotea njiani. Na taa ya chaji kwenye dashibodi iache iwe balbu ya kawaida ya wati 2 au 3. Ukiweka LED peke yake, umeme unaopita ni mdogo mno kuiamsha alternata.

Mkanda wa milimita 10: ubonyeze katikati kwa dole gumba, ulegee kama sentimita moja. Ukiona vumbi jeusi kuzunguka puli, unateleza.

Sasa, hata ukirekebisha yote hayo, saa mbili hazitajaza. Alternata ya 55 ikishapata moto, kwa mizunguko ya chini, itoe 25 au 30 ushukuru. Kutoka nusu hadi asilimia 80 inaweza. Asilimia 20 za mwisho zinataka saa kadhaa kwa sababu betri yenyewe inapunguza kumeza, na alternata kubwa haibadilishi hilo. Kuacha dizeli kwenye silensa (mizunguko ya chini kabisa) kwa saa nyingi bila mzigo kunaijaza masizi na kung'arisha silinda. Msimu wa upepo wa kusini, Mei hadi Agosti, injini utaitumia kutoka na kuingia tu, basi.

Hiyo 20 ya mwisho iachie sola. Paneli ya wati 100 siku nzuri inarudisha kama ampia-saa 25, lakini Matema milima ya Livingstone iko mashariki na jua linachelewa kuipata mashua, kwa hiyo kwa friji hesabu paneli mbili. Kontrola ya sola iweke volti 14.4. Na kama betri zako ziko chumba kimoja na injini, zihamishe: kwa joto la Kyela humo ndani hufika nyuzi 45, ambapo betri ingetakiwa ipewe nusu volti pungufu, vinginevyo inachemka na kukauka maji.

Lithiamu usiifunge moja kwa moja kwenye hiyo alternata. Itavuta kila ampia iliyopo mpaka alternata iungue. Inataka chaja yake ya DC kwenda DC, ya ampia 30 au chini.

Kabla ya kutumia pesa, pima pia N100 zenyewe kwa haidromita (kipimo cha uzito wa maji ya betri). Seli iliyojaa inasoma 1.26 hadi 1.28. Seli moja ikipishana na wenzake kwa 0.05 hata baada ya chaji ndefu, betri hiyo imekwisha na inamvuta mwenzake chini. Zibadilishe zote mbili kwa pamoja. Maji yakipungua ongeza maji ya betri yasiyo na tindikali. Ukiongeza tindikali haidromita itakupa namba nzuri ya uongo na plati zitaliwa.