Nimeweka kigango cha Wagiriama sebuleni kama pambo, nikichome au nifanyeje?

SWALI: Asalaam alaykum sheikh wetu. Mimi mzaliwa wa Malindi, naishi Marekani mwaka wa tisa sasa. Mwaka jana kulikua na mnada wa vitu vya nyumba, mzee wa kizungu amefariki watoto wake wanauza kila kitu, nikaona mti mrefu umechongwa kichwa cha duara na pembetatu mwili mzima, nikajua huu wa kwetu huu, nikanunua dola 180. Nikausimamisha sebuleni karibu na tivii nikauzungushia taa ndogo ndogo. Mama alipokuja kututembelea alisimama mlangoni akasema hiki ni kigango, umeweka maiti wa watu sebuleni, na upande ule hakukaa mpaka akaondoka. Mume wangu anasema wenyewe si Waislamu, mti wao ni mti tu, na kama ni sanamu tuuchome yaishe. Mtoto nae amekua akiumwaumwa na mama anasema ni koma, yaani mizimu ya wale wafu. Nifanyeje?

JIBU: Waalaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh mwanangu. Kwanza msichome. Mwambie mumeo mtu hachomi kisichokua chake, na hicho si chenu hata kama mlilipa.

Mama yako kasema kweli. Kigango kwa Wamijikenda, na hasa Wagiriama, huchongewa mtu aliekua kwenye chama cha Gohu, watu wazito wa ukoo, na hachongewi siku anayozikwa, inaweza kupita miaka mpaka marehemu amjie mtu wa nyumbani ndotoni alalamike amesahauliwa, ndo wanatafuta mti mgumu wanachonga, wanausimamisha wanaufunga vitambaa na kuumwagia tembo la mnazi. Ukishasimamishwa haung'olewi. Familia ikihama inauacha palepale, na hapo ndo wezi walipopata mwanya, wakawa wanang'oa usiku wanauza kwa wenye maduka ya vinyago halafu wanunuzi wa nje wanasema ah, vilikua vimeachwa tu porini. Vimeachwa vipi? Wewe umetoka Malindi ukaenda Marekani, kaburi la babu yako umeliacha? Umeona makaburi yetu ya zamani pwani yale ya mnara, yalikua yamepambwa bakuli za kichina na leo ukienda unakuta matundu matupu kwenye chokaa, kila tundu mtu alibandua bakuli akaenda kupamba kwake. Mimi nilipokua mdogo nilikua natia kidole kwenye matundu yale bila kujua ni nini, siku nilipoambiwa niliumia sana. Basi Mgiriama anaumia vivyo hivyo.

Hebu kiinamishe hicho ukiangalie chini. Mara nyingi utakuta mwisho umeliwa na mchwa au umekatwa kwa msumeno, halafu umekazwa kwenye chuma ili usimame vizuri. Hapo palipoliwa ndo palipokua ndani ya mchanga.

Kulikua na mzee akiitwa Kalume Mwakiru, mwaka 1985 mtafiti Monica Udvardy alimpiga picha amesimama mbele ya vigango viwili alivyowasimamishia ndugu zake wawili, haukupita muda vikaibwa. Mzee akafa hajaviona tena. Miaka baadae kimoja kikaonekana makumbusho ya Illinois na kingine chuo cha Hampton kule Virginia, na ile picha ndo ilikua ushahidi, familia ikarudishiwa 2007. Nayo makumbusho ya Denver ilirudisha vigango 30 Kenya mwaka 2019. Kwa hio usiniambie haiwezekani.

Sasa hili la kwamba wenyewe si Waislamu. Mughira bin Shu'ba kabla ya kusilimu alifuatana na watu wa jahiliya akawaua akachukua mali zao, kisha akaja kusilimu, Mtume (s.a.w) akamwambia kwa maana yake, Uislamu wako nimeukubali, ama mali mimi simo. Iko kwenye Bukhari. Na usiku wa Hijra, Makureshi wanapanga kumuua, bado amana zao ziko kwake, akamuacha Ali (r.a) nyuma azirudishe kwa wenyewe. Hao walikua waabudu masanamu, na wanataka damu yake! Na Allah katika Suratu Nisaa aya ya 58 ametuamrisha kurudisha amana kwa wenyewe, hakusema wenyewe wakiwa Waislamu.

Kuna wenzetu watasema ukirudisha unasaidia ushirikina. Mimi sioni hivyo. Tambiko kwa koma silikubali na nitalisema wazi popote, lakini wewe unarudisha mali ya watu, watakachofanya nayo watajibu wao. Da'wa tunafanya kwa ulimi na tabia, na utamlingania vipi Mgiriama na babu yake umemvisha taa karibu na tivii?

Kuhusu kukiweka kama pambo, hata kingekua cha halali nisingekuruhusu, ni sura ya mtu imesimamishwa na hadithi ya malaika kutoingia nyumba yenye sura unaijua.

Mtoto mpeleke hospitali. Mtume (s.a.w) amekataza itikadi ya mikosi, kigango hakimuumizi mtoto wala hakimponyi, msomee Ayatul Kursi na Muawidhatein. Mama usimkemee, mwambie taratibu, yeye kalelewa jirani na wale watu na heshima aliyonayo kwa maiti wao ni bora kuliko sisi wengi. Lakini usije ukakirudisha kwa kuogopa koma, rudisha kwa kumuogopa Allah.

Taa zitoe leo, kilaze kwenye shuka safi, kipige picha mbele nyuma na pale chini, wala usikipake rangi wala vanishi. Kisha waandikie Makumbusho ya Taifa ya Kenya au ubalozi wa Kenya Washington, eleza ulikipata wapi na lini, na wale watoto wa marehemu waulize kama baba yao aliacha risiti. Dola zako wadai waliokuuzia, wakikataa basi Allah atakulipa. Wallahu aalam.

Hizo picha nitumie na mimi, kuna wazee wawili Kaloleni nawafahamu nitawaonyesha, huenda wakautambua mchongo ni wa ukoo gani.