Kabla Hujashika Bisibisi, Ingia BIOS

Usiku ule vibonye vya kompyuta yangu ya gemu ya mkononi viligoma, nikafungua skrubu za nyuma, nikabandua kifuniko kwa kadi ya plastiki, nikachomoa betri, kisha nikautoa utepe wa waya wa upande wa kushoto na kuurudisha. Nikafunga kila kitu, nikawasha. Kimya. Skrini inaitikia kidole, spika zinalia, feni inavuma, lakini nikibonyeza A ni kama nabonyeza ukuta. Skrubu moja ya pembeni nikaiharibu kichwa kwa pupa. Na ubovu wenyewe, nilikuja kugundua kesho yake, haukuwa ndani ya mashine kabisa.

Hili ningelijua mapema nisingegusa bisibisi: vibonye na vijiti vya kompyuta ya gemu ya mkononi, ingawa vimeungwa na mwili wake, kwa Windows ni padi tu (kidhibiti cha kuchezea gemu) iliyochomekwa kwenye USB. Tofauti ni kwamba waya wake umepita ndani. Mashine nyingi za aina hii hujitambulisha kama padi ya Xbox 360, ile ya mwaka 2005, kwa kuwa magemu mengi ya kompyuta yanaifahamu. Kidole kinabonyeza, chipu ndogo inasoma, taarifa inapita USB, draiva (programu inayoifanya Windows ielewane na kifaa) inaipokea, mara nyingi programu ya mtengenezaji au ya Steam, lile duka la magemu, inaidaka katikati, ndipo gemu linaambiwa. Gemu lisiposikia, taarifa imekwama mahali fulani kwenye njia hiyo. Skrini ya kugusa ina njia yake nyingine, kwa hiyo uzima wake hauthibitishi lolote kuhusu vibonye.

Basi swali la kwanza ni moja: imekwama kabla ya kufika Windows au baada? Na kipimo ninachokiamini kuliko vyote ni BIOS, ile programu ndogo inayoamsha mashine kabla ya Windows. Zima mashine, iwashe huku umeshikilia kibonye cha sauti (mashine nyingi hutaka cha kupunguza, nyingine cha kuongeza), menyu ikitokea jaribu kusogea kwa vibonye vya mishale. Kule Windows haijaamka, hakuna draiva, hakuna Steam. Mshale ukisogea, waya na chipu vyote vizima, na bisibisi rudisha kabatini. Ila kipimo hiki kinasema ukweli upande mmoja tu: zipo mashine ambazo BIOS yake haisikilizi padi hata ikiwa nzima, kwa hiyo mshale usiposogea usianze kulia.

Mimi niliingia BIOS baada ya kufungua na kufunga. Mshale ulisogea kama maji. Nilijiona mjinga.

Kabla ya hapo nilikuwa nimezima na kuwasha mara nne, na hapa wengi tunakosea. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012 kuna kitu kinaitwa Fast Startup. Kikiwa kimewashwa, ukichagua kuzima, Windows huhifadhi kiini chake kwenye diski na kukirudisha kilivyokuwa ukiwasha tena, pamoja na ugonjwa wake. Anayeanza upya kweli ni Restart. Tumezoea kudhani kuzima ndiko kunasafisha zaidi, kumbe ni kinyume. Restart isiposaidia, chomoa chaja, shikilia kibonye cha kuwashia kwa sekunde kumi na tano hivi mpaka mashine ife kabisa, ngoja kidogo, washa. Hiyo inaipa nafasi hata ile chipu ya vibonye kuanza upya, maana inaweza kubaki na umeme wakati wewe unaona skrini nyeusi.

Kama vibonye vyako hufa kila mashine ikitoka usingizini, mtuhumiwa ni uhifadhi wa umeme wa USB. Windows huikatia padi umeme ili kubana betri, halafu ikiamka haiipati. Fungua Device Manager (orodha ya Windows ya vifaa vyote vya mashine), tafuta USB Root Hub, ingia kwenye Power Management, uondoe tiki inayoiruhusu kompyuta kukizima kifaa hicho. Zikiwepo mbili au tatu, zipitie zote. Binafsi nilikwenda mbali zaidi: kibonye cha kuwashia nimekiwekea Hibernate (kuhifadhi kila kitu kwenye diski na kuzima) badala ya Sleep (usingizi). Inachelewa sekunde chache kuamka, lakini gemu nalikuta pale pale nilipoliacha na vibonye vinaitika.

Kuna visa ambavyo si ubovu hata kidogo. Ukisukuma kijiti na kishale cha kipanya kikatembea kwenye skrini, padi yako haijafa, imegeuzwa kuwa kipanya. Mashine hizi huwa na hali mbili, ya kompyuta na ya gemu, na ni rahisi kubonyeza mchanganyiko wa kubadili bila kujua. Fungua menyu ya pembeni ya mtengenezaji uirudishe. Steam nayo ikiwa wazi nyuma huweza kufanya jambo hilohilo. Na kama umewahi kuchomeka kipokezi cha padi isiyo na waya, kichomoe: Windows hutoa nafasi nne kwa padi za aina ya Xbox, na gemu la mchezaji mmoja mara nyingi humsikiliza wa kwanza tu. Padi ya mwilini ikisukumwa nafasi ya pili, utabonyeza mpaka kesho.

Sasa turudi kwangu. Baada ya BIOS kunisuta, niliandika joy.cpl kwenye kisanduku cha Run. (Kibodi ya skrini inatosha, ila kibodi ya USB ya kuazima itakupunguzia hasira.) Dirisha hilo huorodhesha padi zote ambazo Windows inaziona, na ukifungua mojawapo unaona kila kibonye kikiwaka unapokibonyeza. Orodha yangu ilikuwa tupu. Lakini Device Manager ilionyesha padi ipo, bila alama ya njano ya hitilafu. Kitu kipo, na hakionekani. Hapo ndipo nikakumbuka.

Wiki moja nyuma nilikuwa nimeweka programu ya kulengea shabaha kwa kuinamisha mashine. Programu za namna hiyo husoma padi halisi, huificha ili gemu lisione padi mbili, kisha huunda padi ya bandia inayozungumza na gemu. Haikunipendeza, nikaiondoa. Nisichojua ni kwamba ile sehemu ya kuficha ni draiva inayojitegemea, yenye jina lake kwenye orodha ya programu, na yenyewe ilibaki ikiificha padi yangu kwa uaminifu wote. Nikafungua dirisha lake, nikaondoa tiki mbele ya padi, Restart. Vibonye vikafufuka. Dakika mbili, baada ya usiku mzima.

Kwako huenda alama ya njano ikawepo. Hapo bonyeza kifaa hicho kwa kibonye cha kulia cha kipanya, kiondoe, anzisha mashine upya ili Windows ikitambue tena. Kama tatizo lilikuja na sasisho, jaribu Roll Back Driver (kurudisha draiva ya awali) kwanza. Fimwea ya padi (programu iliyo ndani ya chipu yake) na BIOS huchukuliwa kwenye tovuti ya mtengenezaji pekee, chaja ikiwa imechomekwa, na usiiguse mashine mpaka imalize.

Bisibisi ina siku yake. Ukiona upande mmoja tu umekufa, hasa baada ya mashine kudondoka au baada ya kubadilisha SSD (diski ya ndani), shuku utepe. Kibonye kimoja peke yake kikigoma, shuku uchafu au raba chini yake. Kwenye zile zinazochomolewa padi pembeni, safisha kwanza vile vipande vya chuma padi inapogusana na mashine kwa pombe ya isopropili na kitambaa kisicho na nyuzi, maana mara nyingine ni mafuta ya vidole tu. Ukilazimika kufungua, betri ichomolewe kabla ya kingine chochote, na kile kibanio cha utepe huinuliwa kwa ukucha, hakivutwi. Utepe uingie sawasawa: ukikaa upande kwa milimita moja tu, utapata vibonye nusu. Na kama dhamana haijaisha, waachie wenyewe. Mafundi wao wakiikuta skrubu iliyoliwa kichwa kama yangu, maelezo yatakuwa marefu.