Namna ya Kuwaleta Watu Uwanjani: Niliyojifunza Katika Ligi Yetu ya Kata Hapa Moshi

Misimu mitatu iliyopita, sisi wapenzi wachache wa mpira wa miguu hapa Moshi mjini tulianzisha ligi ya timu 8 za kata, inayochezwa nyumbani na ugenini kwa raundi 14, na mimi nikakabidhiwa kazi ya kuhamasisha watu waje kuitazama. Tangu wakati huo nimeulizwa na ndugu kadhaa wa Arusha, Hai na Same namna tulivyofanya, kwa sababu nao wana ligi changa na viwanja vyao ni vitupu. Naandika makala hii kwa ajili yao, na nitaanza na makosa yetu, maana ndiyo yaliyonifundisha zaidi.

Siku ya ufunguzi nilihesabu watazamaji 38, wakiwamo wachezaji wa akiba. Hatukuwa tumekaa bure. Tulikodi gari la matangazo lililozunguka Majengo, Pasua na Kiboriloni kwa siku mbili, tukabandika mabango kwenye nguzo za umeme na kwenye vioo vya daladala, na kila tangazo lilisema kwamba ligi mpya imekuja, kwamba wananchi waje waunge mkono soka la nyumbani. Baadaye nilipokaa na kulitafakari tangazo lile niligundua kwamba halikutaja jina la mchezaji hata mmoja. Tulikuwa tumewaomba watu waipende ligi, na ligi ni ratiba tu iliyoandikwa kwenye karatasi. Hakuna mtu anayetoka kwake Jumamosi mchana kwenda kuangalia ratiba.

Kosa la pili lilikuwa langu mwenyewe. Nilikwenda kwenye vijiwe vya kahawa na kuanza kuwalaumu watu kwa kushangilia Simba na Yanga, timu za Dar es Salaam, huku vijana wao wakicheza bila watazamaji. Mzee mmoja wa pale Njoro alinisikiliza hadi mwisho, akaweka kikombe chini, akaniambia, "Mwanangu, Yanga nimeachiwa na baba yangu. Wewe unataka niiache, unipe nini?" Sikuwa na jibu. Yanga ilianzishwa mwaka 1935 na Simba mwaka 1936. Ligi ya taifa ilipoanza mwaka 1965 bingwa wa kwanza alikuwa Sunderland, ambayo mwaka 1971 ilibadili jina na kuwa Simba. Mapenzi yaliyorithishwa kwa vizazi vitatu au vinne hayang'olewi na kijana mwenye kipaza sauti. Hata Polisi Tanzania ilipokuwa Ligi Kuu na kuutumia Uwanja wa Ushirika, niliwaona watu wa Moshi wakijaza majukwaa siku Simba au Yanga ilipokuja, tena wengi wao wakiwa wamevaa jezi za mgeni.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni kwamba usimwambie mtu aache timu yake. Ligi yako haishindani na Simba wala Yanga, na ukiifanya ishindane nazo utashindwa kabla refa hajapuliza filimbi. Mtu anaweza kuwa Yanga wa damu na bado akaja uwanja wa shule ya msingi wa kata yake kila wiki, ilimradi awe na sababu ya kuja.

Sababu hiyo nilionyeshwa na mama mmoja anayeuza ndizi katika soko la Mbuyuni. Mwanawe alikuwa beki wa kushoto wa timu mojawapo, na mama mwenyewe hakujua, kwa kuwa kijana alikuwa akiaga kwamba anakwenda mazoezini bila kueleza mazoezi ya nini. Nilimkuta sokoni katika wiki ya tatu ya msimu, nikamwamkia, nikamwambia, "Mama, kijana wako Jumamosi anacheza pale shuleni, saa kumi na nusu." Akaacha kupanga ndizi. Akaniuliza mara mbili kama nina hakika ni wake, kisha akataka kujua kama huwa anaumia. Jumamosi ile alikuja na wenzake watano wa safu yake ya biashara, bado wamefunga khanga zao za sokoni, wakageuza makreti matupu ya soda wakayakalia karibu na mstari wa pembeni. Kuotea hakukujua, wala kona. Alichofanya kwa dakika 90 ni kumfuata kijana wake kwa macho na kuuliza kwa sauti mbona hapewi mpira, na kila kijana alipougusa, wale akina mama sita walipiga vigelegele mpaka wachezaji wa timu pinzani wakageuka kutazama. Wiki iliyofuata walikuja 14. Hakuna hata mmoja aliyevutwa na gari la matangazo.

Kuanzia hapo niliachana na mabango nikanunua daftari. Kila mchezaji ana ukurasa wake, nao una mtaa anaoishi, shule aliyosoma, kazi anayofanya, anakoabudu, na asili ya kwao, kama ni Kibosho, Uru, Marangu, Rombo, Upareni au kwingineko. Hapa kwetu swali la kwanza ambalo mzee humuuliza kijana ni "wewe ni wa kwa nani?", na jibu la swali hilo linaleta watu wengi zaidi kuliko tangazo lolote la redio. Kila Alhamisi ninachukua majina manne au matano na kwenda kwa watu wao: kwa fundi aliyemfundisha kipa kazi ya gereji, kwa mwalimu wa zamani wa mshambuliaji, kwa kijiwe cha bodaboda ambako winga huegesha pikipiki yake. Simwambii mtu kwamba ligi inamhitaji. Ninamwambia kwamba kijana wake anacheza, ninamtajia siku, saa na uwanja, kisha naondoka. Ni kazi ya miguu, inachosha, na sijaona njia ya mkato.

Uwanjani mtangazaji wetu husoma vikosi kwa namna hiyohiyo. Hasemi tu namba tatu na jina, bali husema namba tatu, fundi seremala wa Pasua, mtoto wa Mbuyuni, na watu hugeuziana nyuso wakiulizana kama ni yule wanayemjua.

Jina la timu nalo lina uzito kuliko nilivyodhani. Wajapani walipoanzisha ligi yao ya kulipwa mwaka 1993 kwa klabu 10, timu nyingi zilikuwa zimetoka kwenye makampuni, na waanzilishi wakataka kila klabu iwe na mji wake wa nyumbani na ijulikane kwa jina la mji huo. Timu iliyokuwa ya kampuni ya chuma ikawa Kashima Antlers, timu ya mji mdogo, na ikaja kutwaa ubingwa wa ligi ile mara nyingi kuliko klabu nyingine yoyote. Nilikuwa na mfano huo kichwani mfanyabiashara mmoja alipotuahidi seti mbili za jezi kwa sharti kwamba timu ibebe jina la biashara yake. Tulimshukuru, tukampa nafasi ya tangazo kwenye mkono wa jezi, na jina la kata likabaki kifuani. Alinuna kwa muda kisha akakubali. Timu yenye jina la kata ni ya kila mkazi wa kata hiyo hata kabla hajaiona ikicheza.

Sasa nizungumzie saa, kwa sababu hapo ndipo ligi nyingi changa hupoteza watu bila kujua. Msimu wa kwanza tulianza mechi za Jumamosi saa 10:30 jioni ili jua liwe limepoa. Hatukukumbuka kwamba mpaka mwisho wa Oktoba mechi nyingi za Jumamosi za Ligi Kuu ya Uingereza huanza saa 11:00 jioni kwa saa zetu. Ikifika saa 10:50 vijana walikuwa wakiinuka mmoja mmoja kuelekea vibanda umiza kuwahi nafasi ya kukaa, na wachezaji wetu waliona migongo. Tukasogeza kipenga cha kwanza hadi saa 8:45 mchana, ambapo mechi huisha kama saa 10:35 na mtu anawahi kibandani bila kukimbia. Uingereza wakirudisha saa zao nyuma mwishoni mwa Oktoba, mechi zao husogea hadi saa 12:00 jioni kwetu, nasi tunaanza saa 9:45. Jumapili tunawaacha watu watoke ibadani na kula kwanza. Siku ya Simba na Yanga hatupangi mechi yoyote. Msimu wenyewe tunauanza Agosti, masika yakiwa yamepita na viwanja vimekauka, na kuumaliza kabla ya Krismasi.

Wapo wenzangu waliosema kwamba huku ni kujidhalilisha mbele ya mpira wa Uingereza. Mimi naona ni kumheshimu mtazamaji. Jumamosi yake ni moja, na anayo haki ya kutazama vyote viwili.

Heshima hiyo ikivunjika, kuirudisha ni kazi kubwa. Katika msimu wa pili, timu moja ilishindwa kufika kwa sababu ya mgogoro wa ndani wa viongozi wake, na sisi waandaaji tulipata habari saa moja kabla ya mchezo tukanyamaza, tukitumaini kwamba watatokea. Zaidi ya watu 200 walikaa juani mpaka saa kumi. Mama wa Mbuyuni alikuwapo, na siku ile alikuwa amefunga biashara yake mapema ili aje. Alipoondoka hakunisemesha. Kwa wiki saba nilipita kwenye safu yake, nikamwamkia, akanijibu vizuri na kuendelea na wateja wake. Alirudi baada ya mimi kwenda kumwomba radhi kwa maneno yaliyonyooka, bila kuisingizia timu ile. Leo tuna utaratibu kwamba mechi ikiahirishwa, ujumbe unafika kwenye vijiwe vitatu vya bodaboda na kwenye maduka manne ya akina mangi yenye ratiba mlangoni, kabla ya saa nne asubuhi. Baada ya saa nne mechi haiahirishwi. Timu isiyofika inapoteza pointi, na waliofika wanacheza mechi ya kirafiki na kombaini ya wachezaji waliopo, ili aliyetoka nyumbani aone mpira.

Fedha nizitaje kwa ufupi. Viwanja vyetu havina uzio, hivyo hatutozi kiingilio, bali tunapitisha ndoo ya mchango wakati wa mapumziko. Makusanyo huhesabiwa palepale mbele ya watu, na kiasi hutangazwa kwenye kipaza sauti pamoja na matumizi ya wiki iliyopita, iwe ni posho ya refa, chokaa ya mistari au dawa za huduma ya kwanza. Tangu tuanze kutangaza, ndoo imekuwa nzito zaidi.

Utaambiwa pia kwamba mpira wenu ni wa mchangani. Usibishane wala usiahidi kiwango ambacho hakipo. Kwa misimu yote tangu mwaka 2001, ubingwa wa Tanzania Bara umechukuliwa na Simba, Yanga na Azam pekee, na Azam nayo mara moja tu, mwaka 2014. Arusha inajengewa uwanja wa watu wapatao 30,000 kwa ajili ya AFCON ya 2027, na mimi natamani siku moja timu ya Kaskazini iujaze kwa watu wake yenyewe. Lakini mtu wa Njoro simwambii hayo. Namwambia kwamba kijana wa jirani yake ana mguu mzuri wa kushoto, aje aone.

Jambo la mwisho ni Desemba, ambayo kwa mikoa mingine huenda haina maana hii. Wachaga wanaporudi nyumbani kwa Krismasi, mji hujaa watu wenye muda na wenye hamu ya kujua habari za kwao, kwa hiyo raundi mbili za mwisho tunazipanga katika wiki hizo. Mwaka jana bwana mmoja aliyetoka Dar es Salaam alisimama nyuma yangu akiwa na jezi ya Simba, akaniuliza namba nane ni wa kwa nani. Nilimpa daftari. Alisoma ukurasa ule, akaugeuza, akausoma tena, kisha akasema, "Huyu ni mjukuu wa shangazi yangu," akatoa simu na kuanza kupiga picha. Kabla hajaondoka aliniachia namba yake. Sasa kila Jumamosi jioni, baada ya kuwatumia matokeo watu wa hapa, ninamtumia na yeye, na yeye huyapeleka kwa ndugu zake wa Dar es Salaam, ambao wameanza kuniuliza ratiba ya Desemba ijayo.