Yoti inayokaa majini: rangi na matanga visubiri kwanza

Mkuu, umesema umenunua yoti ya faiba ya futi 36, injini ya dizeli ya ndani, itafungwa kwenye boya Msasani na utaifikia mara moja kwa mwezi. Unauliza uanze na rangi au matanga. Nimewatunzia watu vyombo vya aina hiyo miaka mingi, na kwangu vyote viwili vinasubiri. Anza na kila tundu linaloingiza maji ya bahari.

Injini hiyo inapozwa na maji ya chumvi yanayovutwa na pampu yenye impela ya mpira (kigurudumu chenye mabawa kinachosukuma maji). Ukishawasha, kabla hujagusa kamba ya boya, chungulia ekzosi: lazima iteme maji pamoja na moshi. Isipotema, zima hapo hapo. Kagua valvu ya tundu linaloingiza maji ya bahari, halafu chujio (mara nyingi ni mfuko wa plastiki au majani), halafu impela. Impela ikizunguka bila maji haichukui muda kuungua. Ukiikuta imekatika mabawa, kuweka mpya hakutoshi. Vitafute vile vipande mpaka vitimie, maana husafiri na maji vikaziba kipozeo, na injini itachemka tena ukiwa mbali na nchi kavu.

Kuna jambo fundi wa magari hatakwambia. Injini ikigoma na unaendelea kupiga stata, funga valvu ya maji. Pampu inazunguka pamoja na stata, maji yanajaa kwenye ekzosi bila moshi wa kuyasukuma nje, mwisho yanarudi ndani ya silinda. Ikishika tu, fungua haraka. Nimeona injini nzima zikishushwa kwa sababu hii, na inaniuma kwa sababu kinga yake ni kugeuza mkono wa valvu.

Valvu zote za chini zifunge na kuzifungua kila uendapo, zisigande. Za brasi zikwangue kidogo: ukiona rangi ya waridi, zinki yake imeshaliwa na itakuvunjikia mkononi. Weka za bronzi, na kila moja ifungie kizibo cha mti pembeni.

Dizeli: liache tangi limejaa. Likiwa nusu, unyevu wa hewa ya pwani hugeuka maji, hukaa chini, na vijidudu huota hapo. Chombo kikiwa kimetulia hutajua. Kusi ikivuma, mawimbi yanavuruga tangi, uchafu unakimbilia filta na injini inazima.

Zinki za shafti, yaani vipande vya zinki vinavyoliwa na maji ya chumvi badala ya shafti yenyewe, badilisha zikifikia nusu, usizipake rangi kamwe. Pampu ya ngama (maji yanayokusanyika chini ndani ya chombo) iunganishe na betri moja kwa moja, kwa fyuzi yake, ifanye kazi hata ukizima umeme wote. Kukwangua chaza, kama mkuku (uti wa chini wa chombo) ni mrefu, ngoja bamvu, yale maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, chombo kikae mchangani maji yakishuka. Dar maji hushuka zaidi ya mita 3, utapata saa kadhaa za kukwangua.

Tuma modeli ya injini nikuelekeze zinki za kipozeo zilipo, maana nyingine zimejificha vibaya.